Kufundisha Siri ya Mawasiliano: Mshtakiwa, Wakili Wake, na Mtoto Asomaye Ujumbe

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wanachuo wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Kasulu na Kibondo. Yanahusu jambo ambalo hamtalikuta kwa jina lake katika muhtasari wa somo, lakini ambalo mwalimu wa darasa la tano au la sita atakutana nalo apende asipende. Nalo ni siri ya mazungumzo kati ya mtu aliyefungwa, au aliyewekwa mahabusu, na wakili wake, hasa siku hizi ambapo mazungumzo hayo hupita katika simu na katika mitambo ya video.

Wanachuo wengi wameniuliza kuna uhusiano gani kati ya jambo zito namna hiyo na mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili. Jibu langu ni kwamba katika vijiji vyetu mtoto huyo ndiye karani. Bibi hakupata kusoma, na Kiswahili cha ofisini humpita kwa kuwa lugha yake ni Kiha. Simu ni ya jirani. Mwanawe yuko mahabusu akingoja kesi, na wakili yuko Kigoma mjini, safari ya siku nzima kwa mtu wa Kibondo asiye na gari. Ujumbe ukiingia katika simu ile, anayeitwa kuusoma ni mjukuu aliyerudi shuleni na daftari mkononi. Jibu likitakiwa, anayeliandika ni yeye. Basi yale ambayo sheria za nchi zimeyawekea ulinzi mkubwa hupita kinywani na vidoleni mwa mwanafunzi wetu, naye hajaambiwa na mtu yeyote ayashikeje.

Nami sikulijua jambo hili kwa kusoma. Nilipokuwa mwalimu wa darasa la sita, katika shule ambayo sitaitaja, nilimwona binti mmoja akiandika chini ya dawati wakati wa kipindi cha hisabati. Nilimnyang'anya karatasi. Kwa kutaka kumwaibisha nikaisoma kwa sauti mbele ya darasa, sentensi mbili tatu, kabla sijatambua ni kitu gani. Yalikuwa maneno ya bibi yake, aliyoyasema usiku kwa Kiha, naye binti akiyageuza kuwa Kiswahili ili jioni ayaingize katika simu ya jirani na kuyapeleka kwa wakili. Yalieleza mjomba wake alikuwa wapi usiku ule wa tukio, na kwa nini aliona haya kupataja mahali hapo mbele ya polisi. Katika darasa lile lile aliketi mtoto wa mlalamikaji. Kabla ya jua kuchwa habari ilikwisha fika. Kesi iliposikilizwa, shahidi wa upande wa mashtaka alikuja na jibu la jambo ambalo utetezi haukuwa umelitamka bado.

Bibi alikuja shuleni baada ya wiki moja. Hakunitukana wala hakupaza sauti. Alisema, na mjukuu wake akafasiri huku akitazama chini, "Mwalimu, mimi nilikuwa nazungumza na wakili. Sikuwa nazungumza nawe."

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Kabla ya kuandika andalio la somo, mwanachuo ajiulize kwa nini siri hii ipo. Wengi hudhani ni upendeleo kwa wahalifu, nao hulifundisha somo huku nyoyo zao ziko upande mwingine. Chukueni mfano wa mganga. Mgonjwa akijua kwamba jirani anasikiliza dirishani, atataja kichwa kumuuma na kuacha lile linalomwua. Mshtakiwa naye ni hivyo hivyo. Asipokuwa na hakika kwamba maneno yake yanaishia kwa wakili, humweleza nusu ya mambo, na wakili huenda mahakamani na nusu hiyo. Hakimu hupimiwa kwa mizani iliyopungua upande mmoja. Tena upande wa mashtaka una polisi, una wapelelezi, una muda. Ukipewa na masikio ndani ya chumba cha utetezi, hakuna haja ya kuita lile shauri tena.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 haikuwa na Sura ya Haki za Binadamu hapo mwanzo. Iliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na kuanzia mwaka 1988 wananchi wakaweza kwenda mahakamani kudai haki hizo. Ibara ya 16 inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara ya 13 inataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu, na asitendewe kama mkosaji kabla hajapatikana na hatia. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamkataza wakili kutoa nje yale aliyoambiwa na mteja wake katika kazi hiyo, isipokuwa kwa ridhaa ya mteja. Nayo haikuishia kwa wakili peke yake, bali iliwafunga pia wakalimani na makarani wake.

Nawaomba msimame kidogo hapo penye wakalimani na makarani. Waliotunga kanuni hii walijua kwamba siri haitembei hewani. Hubebwa na watu. Mtoto wetu hakutajwa katika sheria ile, maana yeye hamtumikii wakili, anamtumikia bibi yake. Lakini kazi aifanyayo ni hiyo hiyo ya ukalimani na ukarani.

Siri hii ina mpaka wake. Mtu akimwendea wakili ili amsaidie kupanga uhalifu ujao, maneno hayo hayalindwi. Sheria hulinda mazungumzo juu ya lililokwisha tendeka, au linalodaiwa kutendeka. Mwalimu aushike mpaka huu vizuri, kwa sababu watoto watamwuliza.

Ama kuhusu gereza lenyewe, lipo jambo moja ambalo nimeona linawaingia wanafunzi upesi kuliko yote. Tarehe 17 Desemba 1985 isingeweza kuliona jambo hilo, lakini miaka thelathini kamili baadaye, tarehe 17 Desemba 2015, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za namna ya kuwatendea wafungwa, nazo zikapewa jina la Nelson Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27. Ni kanuni 122. Ile ya 61 yasema kwamba mfungwa apewe nafasi ya kuonana na kuwasiliana na wakili wake bila kucheleweshwa, bila maneno yao kunaswa wala kukaguliwa, na kwa siri kamili. Yaongeza kwamba askari anaweza kuwaona, lakini asiweze kuwasikia. Gereza lina haki ya kuangalia ili mtu asitoroke wala asipewe kisu, lakini haki hiyo hukomea kwenye macho. Masikio hayamo.

Barua nazo zina kanuni inayofanana na hiyo. Mwaka 1992 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika shauri la Campbell dhidi ya Uingereza, iliamua kwamba barua ya wakili kwa mfungwa iweze kufunguliwa pale tu wakuu wa gereza wanapokuwa na sababu ya kushuku kwamba ndani yake kuna kitu kilichokatazwa. Hata hapo isisomwe, na njia mojawapo ya kuhakikisha hilo ni kuifungua mbele ya mfungwa mwenyewe. Kuisoma kunaruhusiwa katika hali za pekee sana. Kufungua, basi, si kusoma. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini kwa mwalimu ni mfano safi, maana bahasha anayo, meza anayo, na mtoto wa kuwa askari anaye.

Umbali na mikono

Jambo ambalo ningependa mwanachuo wa nyanda hizi alitafakari zaidi ni umbali. Wakili akiwa karibu, mshtakiwa huongea naye ana kwa ana. Akiwa mbali, maneno hupita katika mikono, na kila mkono ni mahali ambapo siri inaweza kudondoka.

Historia ya Afrika Mashariki inatupa mfano mkubwa. Mwishoni mwa mwaka 1952 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipowashtaki Jomo Kenyatta na wenzake watano, haikuwapeleka Nairobi. Iliwapeleka Kapenguria, mji mdogo wa mpakani kaskazini magharibi, ambako hapakuwa na hoteli ya mawakili kulala wala simu ya kutumia. Mawakili, wakiongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, walilala Kitale na kusafiri kwenda na kurudi. Pritt alipopeleka simu ya maandishi kwa wabunge kule London kulalamikia mazingira hayo ya kazi, alishtakiwa kwa kuidharau mahakama, ingawa Mahakama Kuu ilimwachia. Kenyatta na wenzake walitiwa hatiani Aprili 1953. Waliopachagua Kapenguria walijua wanalolifanya. Huku kwetu hakuna aliyeuweka umbali kwa makusudi. Ni milima na barabara tu. Lakini kwa mtu aliye mahabusu matokeo yanakaribiana mno.

Ndiyo maana simu na video zimekuja kama msaada, na mimi si miongoni mwa wanaozipinga. Wakili wa Kigoma mjini anaweza kumjulisha bibi wa kijijini tarehe ya kesi kwa ujumbe wa shilingi chache. Mahakama zetu zilianza kutumia video kwa wingi wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020, na kanuni za mwaka 2021 ziliruhusu mashauri kusikilizwa kwa njia hiyo. Mahabusu hubaki gerezani, hakimu hubaki mahakamani, nao huonana katika kioo. Gari la magereza halichomi mafuta, na kesi haiahirishwi kwa sababu ya mvua.

Hata hivyo kila chombo kina tabia yake, na hapa ndipo mwalimu anapotakiwa kuwa mwangalifu. Barua ukiichoma imekwisha. Ujumbe wa simu hubaki katika simu mbili, ya aliyetuma na ya aliyepokea, na kumbukumbu kwamba ulitumwa hubaki katika mitambo ya kampuni. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inawafunga wafanyakazi wa kampuni hizo watunze siri za wateja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu anayenasa mawasiliano ya wengine bila idhini ya sheria. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza ulinzi wa taarifa za watu zinazohifadhiwa na ofisi na kampuni. Lakini hakuna sheria itakayomfukuza jirani mwenye simu asichungulie begani.

Kioo cha video nacho kina pembe asizoziona mtazamaji. Hakimu na wakili wanamwona mahabusu usoni. Nani yuko nyuma ya kamera? Nani ameegemea mlango? Wakili akitaka kumwuliza mteja wake neno moja kabla ya kujibu hoja, atamwuliza kwa njia ipi, iwapo chombo kilichopo ni kile kile kinachosikiwa na mahakama nzima?

Maswali haya yamekwisha fika katika mahakama zetu. Aprili 2025 Tundu Lissu, mwenyekiti wa Chadema na yeye mwenyewe ni wakili, alishtakiwa kwa uhaini katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Kesi ilipopangwa kutajwa kwa njia ya video mwezi huo huo, alikataa kushiriki akiwa gerezani. Tarehe 16 Juni 2025, akiwa ameletwa mahakamani, alisema kwamba tangu awekwe ndani mawakili wake hawakupewa nafasi ya kuzungumza naye kwa faragha, na kwa sababu hiyo atajitetea mwenyewe. Nauandika mfano huu kwa ajili ya mwanachuo, si kwa ajili ya darasa la tano. Darasani msiingize majina ya viongozi wa vyama, maana mtoto atarudi nyumbani na jina, aiache kanuni. Lakini ninyi wenyewe mjue kwamba mtu aliyesomea sheria, mwenye mawakili wengi na waandishi wa habari mlangoni, alilalamikia jambo hili. Kisha mjiulize juu ya mkulima wa mihogo ambaye wakili wake amepangiwa na mahakama, na ambaye huenda hawajaonana ila mara moja.

Nchi zilizotutangulia kwa mitambo hazijapona. Huko Marekani magereza mengi hutumia simu za kampuni binafsi, na mazungumzo hurekodiwa. Mwaka 2015 ilifichuliwa kwamba kumbukumbu zaidi ya milioni 70 za simu zilizopita katika mitambo ya kampuni ya Securus zilikuwa zimevuja, na kati yake zilikuwamo simu zipatazo 14,000 za wafungwa kwa mawakili. Katika magereza ya serikali kuu ya nchi hiyo, mfungwa anayetaka kutumia barua pepe hulazimika kwanza kukubali kwamba barua zake zitachunguzwa, zile za wakili zikiwamo. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuzilinda barua hizo mwaka 2020, na tena mwaka 2021, lakini haukupita katika Seneti.

Namna ya kulifundisha somo

Somo hili laweza kuwekwa katika kipindi cha Kiswahili, panapofundishwa uandishi wa barua na ujumbe, au katika somo la maadili. Mimi napendelea Kiswahili, kwa sababu pale mtoto anashika kalamu. Msianze na neno "faragha" ubaoni. Nimewaona wanachuo wakipoteza dakika kumi kulifasiri neno ambalo mchezo mmoja ungelifasiri wenyewe.

Watoeni wanafunzi nje. Waketisheni wawili chini ya mti, mmoja awe mahabusu na mwingine wakili. Wa tatu awe askari. Mpeni mahabusu kisa chepesi cha kueleza, kwa mfano namna alivyovunja mtungi wa jirani na sababu iliyomfanya apite uani kwake. Kwanza askari asimame begani. Kisha arudi nyuma hatua kwa hatua, huku darasa likihesabu, mpaka afike mahali ambapo anaiona mikono yao yote minne lakini hasikii maneno. Pigeni alama ardhini. Wanachuo wawili waliojaribu mchezo huu mwaka jana walipata idadi tofauti za hatua, kwa kuwa mmoja alifundisha karibu na barabara na mwingine kwenye kilima chenye utulivu. Wanafunzi wakaanza kubishana kama gereza la penye kelele lahitaji hatua chache zaidi. Mabishano kama hayo msiyakatize.

Mkirudi darasani, mwulizeni yule mahabusu: askari alipokuwa begani, uliacha kusema nini? Mara nyingi atajibu mwenyewe kwamba ile sababu ya kupita uani hakuitaja. Hapo somo limekwisha ingia, na mwalimu hana la kuhubiri.

Hatua ya pili ni ubaoni. Chora njia ya ujumbe kutoka kwa bibi mpaka kwa wakili: bibi, mjukuu anayeandika, jirani mwenye simu, karani wa ofisi ya wakili, wakili. Kwa kila mmoja wanafunzi waseme anaruhusiwa kufanya nini na ujumbe ule. Jirani aliombwa simu, hakuombwa maoni. Mjukuu aliombwa aandike yaliyosemwa. Je, aweza kusahihisha? Swali hili gumu mlipe nafasi. Mtoto mwerevu hupenda kuyapamba maneno ya mtu mzima, kuongeza tarehe asiyo na hakika nayo, au kuacha neno la aibu. Wakili akipokea ujumbe uliopambwa atapanga utetezi juu ya msingi usiokuwapo. Kwa hiyo wazoezeni kazi ya ukarani: kuandika kama ilivyosemwa, kumsomea tena aliyesema, kutuma, kisha kumwuliza jirani ruhusa ya kuufuta ujumbe katika simu yake. Usomaji wa ujumbe unaoingia nao una desturi yake. Mtoto auchukue kando na kumsomea mwenyewe peke yake, si uani mbele ya kila anayepura maharage.

Wanafunzi wenu wengine watokao karibu na kambi za wakimbizi wataongeza Kirundi, au Kiswahili cha Kongo, katika mlolongo huu. Wapeni nafasi waeleze. Wao wamekwisha fanya ukalimani kuliko sisi sote.

Hatua ya tatu yahitaji sanduku la karatasi ngumu lililokatwa dirisha upande mmoja. Mtoto mmoja aweke uso wake dirishani. Yeye ni mahabusu mbele ya video. Darasa ni mahakama. Mwalimu amwambie kimya kimya mtoto wa pili ajifiche nyuma ya sanduku. Ulizeni maswali ya kawaida, kisha liondoeni sanduku ghafla. Kicheko kikiisha, waulizeni mahakama ingejuaje. Darasa moja la Kibondo lilipendekeza kamera izungushwe chumba kizima kabla ya kuanza. Jingine likasema wakili mmoja akae mahakamani na mwingine aende gerezani kuketi na mteja. Mtoto mmoja alitaka hakimu aamuru wote watoke, mahakama na gereza pia, wabaki wawili tu katika kioo kwa dakika tano. Mapendekezo yote matatu yana akili, na la mwisho ndilo ningeliomba mimi kama ningekuwa mteja.

Maswali ya watoto

"Kwa nini mwizi awe na siri?" Swali hili halikosi kuulizwa. Mwalimu asijibu kwa ukali. Auulize umri wa kesi: mtu huyo amehukumiwa, au amekamatwa tu? Kama amekamatwa tu, nani amemwita mwizi? Na kama amehukumiwa, bado ana rufaa, na rufaa huandikwa na wakili.

"Na akimwambia wakili kwamba akitoka atamchoma mtu nyumba?" Hapa mwalimu auonyeshe ule mpaka niliouandika juu. Watoto huridhika upesi kuliko watu wazima.

Ila liko jambo ambalo sitaki mwanachuo yeyote alikosee. Mkimfundisha mtoto kutunza siri, siku hiyo hiyo mfundisheni na siri isiyotunzwa. Mtu mzima akimgusa vibaya mtoto na kumwambia "usimwambie mtu", hiyo si siri ya wakili wala ya mteja; ni silaha iliyoelekezwa kwa mtoto mwenyewe. Kipimo ambacho wanafunzi wa darasa la tano wamekielewa ni hiki: siri ya bibi inamlinda bibi, nawe haikuumizi, siri inayokuumiza wewe, mwambie mama, shangazi, au mwalimu unayemwamini. Lisemeni kwa maneno mepesi, mara mbili, na andalio la somo lionyeshe mahali mtakapolisema. Nimewahi kulirudisha andalio zuri kwa sababu ya kukosa mstari huo mmoja.

Jihadharini pia na watoto wenyewe. Katika darasa la wanafunzi sitini huenda wakawamo wawili au watatu ambao baba, kaka au mama yuko gerezani sasa hivi. Msiulize, "Nani ana ndugu aliyefungwa?" Kisa kiwe cha mtungi uliovunjika, wala kisifanane na tukio lolote la kijijini. Mtoto akijitokeza mwenyewe kusema habari za nyumbani, mkatizeni kwa upole, mwambieni mtazungumza baada ya kipindi. Kisha mzungumze kweli. Kama familia haina wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya halmashauri inaweza kumwelekeza mama mahali wanapopatikana. Mwalimu amweleze mama, asimbebeshe mtoto ujumbe huo.

Katika kupima, acheni maswali ya "taja maana ya". Wapeni hali: umeombwa na babu umsomee ujumbe wa wakili, na mjomba wa jirani yupo pale, amekaa, hataki kuondoka, utafanya nini bila kumvunjia heshima? Majibu niliyoyasoma yamenifundisha adabu za Waha kuliko vitabu. Mtoto mmoja aliandika kwamba angemwambia babu betri ya simu inakwisha, twende tukachaji, kisha wangeondoka wawili.

Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi. Chukueni viwili vinavyofuatana, cha kwanza kiwe cha asubuhi ili mchezo wa chini ya mti usikutwe na jua kali wala mvua ya mchana. Sanduku la karatasi mlitafute dukani mapema, kabla ya siku ya gulio, kwa kuwa siku hiyo wauza nyanya huyamaliza yote.